Yaya Anajibu: Mimi Napita Mpaka Kila Siku, Nimehesabiwa Mara Ngapi?

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu, kwamba hapa Goma hakuna mtu anaweza kukuambia ni wangapi kati yetu tulizaliwa hapa na ni wangapi tulikuja. Niliiandika kama mzaha, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa simu, zingine za matusi (hizo nimeziacha zilale), zingine za maana kabisa, hata kutoka Bukavu na Lubumbashi. Nimechagua chache, nimezikata urefu ila maneno ni ya wenyewe.

*Jambo Yaya. Miye nauzishaka tomate na karoti, nakaa Birere. Kila asubuyi napita Petite Barrière naenda Gisenyi kutafuta mali, narudia, siku zingine narudia tena mangaribi juu mali iliisha mbio. Sasa nilisikia ku radio banasema bahamiaji bengi sana banapita pale kila siku. Nikajiuliza, miye ni muhamiaji? Na kama banatuhesabu, siku moja banahesabu Mama mmoja ao Mama bane?*
Mama wa Birere

Mama, hilo swali lako kuna watu wanalipwa mshahara mzuri kwa kulijibu na bado wanalikosea. Wewe si muhamiaji. Na ndiyo, siku ile ya safari mbili inawezekana kabisa ulihesabiwa mara nne.

Pale mpakani na Rwanda kinachohesabiwa ni kupita, mtu hahesabiwi. Ajenti akikata jetoni (kile kikaratasi cha kupita cha siku) ao akigonga muhuri anaongeza moja, basi, haangalii kama ni uso ule aliouona saa mbili asubuhi. Na si kwamba ni vibaya! Unakumbuka 2019 wakati wa Ebola, walivyokuwa wanatupima joto kwenye paji la uso na kutunawisha maji ya klori mpaka vidole vinakauka? Pale pia walikuwa wanahesabu, makumi ya maelfu ya watu kwa siku, na ile namba ilifanya kazi yake vizuri, juu daktari anataka kujua ni mapaji mangapi ya kupima, maji kiasi gani, ajenti wangapi wa zamu, kwake mama aliyepita mara nne ni mama wa kupimwa mara nne. Shida inaanza pale mtu mwingine anachukua namba ileile anaipeleka kwenye mkutano na kusema tazameni wahamiaji hawa wote.

Umoja wa Mataifa uliweka kipimo tangu 1998, muhamiaji wa muda mrefu ni mtu aliyehamisha makao yake ya kawaida kwenda inchi ingine kwa angalau miezi 12. Makao, Mama. Sufuria yako iko Birere, watoto wanalala Birere, ukiugua unauguzwa Birere. Unavuka kwa kazi. Sasa chukua kijana wa avenyu yako aliyepanda basi ya Kampala miaka saba iliyopita na akabaki kule, akaoa kule, yeye alihesabiwa mara moja tu, kama mtu mmoja aliyetoka, sawasawa kabisa na wewe asubuhi moja ya Jumanne. Wewe umeandikwa mara maelfu na yeye mara moja, na njo yeye muhamiaji.

Ona hasara yake. Machi 2020 Covid ilifunga mipaka. Mtu akisoma karatasi ya kupita anaona mstari umeanguka karibu na sifuri, anaweza kuandika kwa raha zake kwamba uhamiaji umepungua, wakati ukweli ni kwamba maelfu ya mama kama wewe wamekosa chakula cha watoto. Kwa hao dawa ilikuwa kutafuta njia ya mali kuvuka, haikuwa sheria ya uhamiaji. Ukichanganya watu wawili kwenye kaye (daftari) moja utawapa wote dawa ya mmoja.

Kutengeneza haihitaji mashine kubwa. Jetoni za siku ziwe na hesabu yake peke yake, za wachuuzi, na wale wa paseporo na safari ndefu wawe na hesabu ingine ambayo kuingia kwa mtu kunaunganishwa na kutoka kwake. Halafu kwa watu wachache, tuseme mmoja kwa kila mia, aulizwe tu unaenda kukaa siku ngapi na kufanya nini. Hiyo tu ingetupa akili kuliko madaftari yote ya muhuri.

*Yaya, mimi natoka Masisi. 2023 tulikimbia, tukakaa Bulengo ndani ya hema. Mwanzo wa 2025 makambi ilivunjwa, benye walirudia kwabo walirudia, benye walienda Minova, mimi niko kwa baba mudogo hapa Ndosho, tuko batu kumi na moja ndani ya byumba mbili. Kule kambini niliandikwa mara tatu na ma-ONG tofauti. Tangu nimefika hapa hata mmoja hakuja. Bado ni deplase ao nilishamaliza?*
Kijana wa Ndosho

Mdogo wangu, hujamaliza. Hema kuvunjwa si kurudi nyumbani. Anayekimbia ndani ya inchi yake anabaki deplase mpaka apate pa kutulia kwa kweli, arudi kwao kwa usalama, ao akae pale alipo kama mwenyeji, ao ahamie fasi ingine kwa hiari yake. Vyumba viwili na watu kumi na moja sioni kama ni kutulia.

Lakini kuhesabu kunapenda hema, juu hema inaonekana. Ukisimama juu ya kilima unaona bashi nyeupe, unajua wako pale. Ukiingia nyumba ya baba mdogo nani atakuona? Ndiyo maana makambi yakiondoka na namba zinaondoka, na anayesoma kwa haraka anafikiri shida imekwisha.

OIM, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji, wako na njia yao, ajenti anaenda kartie kwa kartie na kijiji kwa kijiji anauliza wenye kujua, shefu, muganga wa senta ya afya, pasta, mwalimu, familia ngapi zimekuja, zilitoka wapi, mwezi gani. Oktoba 2023 walitangaza kwamba deplase ndani ya Congo wamefika milioni 6,9. Hiyo namba mimi naiamini kwa ukubwa wake, siiamini kwa mia zake, na sidhani kama wao wenyewe wanaziamini. Ni makadirio ya watu wenye kujua majirani zao. Si mbaya. Ni mbaya tu pale mtu anapoitumia kugawa mifuko ya unga kana kwamba kila kichwa kilishikwa mkono.

Kuandikwa mara tatu, usijione mwizi. Kila mmoja alikuja na fishi (fomu) yake na hakuna aliyeuliza fishi ya mwenzake. Uganda, inchi iliyobeba Wakongomani wakimbizi kuliko ingine yote, walifanya zoezi 2018, kuanzia Machi mpaka Oktoba, kila mkimbizi aweke vidole na macho kwenye mashine. Madaftari yalikuwa yanasema kama milioni 1,4. Waliopatikana ni kama milioni 1,1. Kelele ikawa kubwa, wizi wizi, na wizi kweli ulikuwepo, ila kulikuwa pia watu waliokufa, watu waliorudi kwao kimyakimya, watu waliohamia Kampala kutafuta maisha, na hakuna aliyewafuta. Daftari inajua kuongeza, kufuta haijui.

Tofauti ya 300 000. Goma hii tunaijua hiyo tofauti. Julai 1994, kati ya tarehe 14 na 17, wakimbizi wa Rwanda waliingia hapa na mpaka leo vitabu vinasema walikuwa kati ya 500 000 na 800 000. Tena 300 000! Ni mji mzima ambao hatujui ulikuwepo ao haukuwepo. Mwezi ule wa kwanza walikufa karibu 50 000, kolera na kuhara damu, na wewe fikiria muganga anayepaswa kugawa maji, litre ngapi kwa kila mtu, hajui agawe kwa nani. Wazazi wetu waliokuwa hapa wakati ule hawapendi kuongelea ile miezi, sitaendelea.

Wewe kwa sasa fanya hivi. Nenda na baba mdogo kwa shefu wa avenyu, jina lako liandikwe, kijiji ulikotoka, mwezi uliofika. Ile karatasi ya kambi usiitupe. Na siku ukirudi Masisi, pita tena kwake useme naenda.

*Miye ni shefu wa avenyu hapa Kadutu, Bukavu, mwaka wa kumi na mbili. Niko na kaye, naandika benye banahamia na benye banatoka. Kaye ya kwanza mvula iliikula, ya pili iko kwa bibi yangu ndani ya sanduku. Hakuna siku mutu wa Leta alikuja kuiomba, ila siku ya kutafuta mwizi. Nisaidie Yaya, niandike nini kusudi ikuwe na maana?*
Papa shefu, Kadutu

Papa shefu, barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nilimsomea jirani.

Wewe unajua kwamba hiyo kaye ya ndani ya sanduku ni mpya kuliko resansema, yaani hesabu ya watu, ya inchi nzima? Congo ilihesabu watu wake mara ya mwisho tarehe 1 Julai 1984. Tulikuwa karibu milioni 30. Leo tunaambiwa tumepita milioni 100, na katikati ya hizo mbili ni kuzidisha tu, unachukua ya zamani unaongeza asilimia, mwaka kesho unaongeza tena. Resansema ya pili imepangwa na kuahirishwa sijui mara ngapi. Majirani wetu Rwanda, Tanzania na Zambia walihesabu 2022, Uganda 2024. Na resansema haihesabu vichwa tu, inauliza ulizaliwa wapi na zamani ulikuwa unaishi wapi, hapo njo inchi inajua nani alihama kutoka wapi kwenda wapi, hakuna njia ingine ya kupata watu wote, wenye karatasi na wasio nazo.

Ukitaka kuona madhara uliza muganga wa zoni yako ya afya. Anapewa namba ya watoto iliyotoka kwenye ile kuzidisha, wakati kartie imepokea watu wa Kalehe na Walungu na Shabunda miaka yote hii. Anachanja, anagawanya, anapata asilimia mia na kitu. Amechanja watoto wengi kuliko waliopo! Anaitwa, anaulizwa kwa nini anadanganya. Masikini hajadanganya, uongo uko chini ya ule mstari wa kugawanya. Na asilimia ikizidi mia hakuna anayeona watoto waliokosa sindano, wamefichwa ndani ya hesabu nzuri. Shule vilevile, tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, watoto walijaa, lakini darasa ngapi zijengwe na wapi?

Hata viti vya bunge, vile 500, vinagawanywa kwa hesabu ya waliojiandikisha kuchagua. Hiyo daftari ya CENI, tume ya uchaguzi, haina mtoto wa chini ya miaka 18, na asiyefika kwenye biro ya kuandikisha hayuko. Sasa watu wa Masisi na Rutshuru ambao 2023 hata kupiga kura haikuwezekana kwao, waliandikwa wapi na wangapi? Tunatumia karti ya elekta kama kitambulisho, kama anwani, kama resansema, yaani kama kisu cha kukata nyama na kufungulia kopo.

Turudi kwenye kaye. Andika mtu kwa mstari mmoja, usiandike familia, juu familia inaweza kuwa watatu ao kumi na tatu. Mume ao mke, mwaka wa kuzaliwa, teritware alikozaliwa, alikuwa anaishi wapi kabla ya kuja kwako (si lazima ni fasi ileile! mtu alizaliwa Fizi, akakaa Uvira, akaja Kadutu, ukiandika Fizi tu umepoteza nusu ya hadithi), mwezi na mwaka wa kufika. Sababu kwa neno moja, kazi, ndoa, masomo, vita, nyumba ilianguka na mvua. Usimuandikie riwaya.

Na kitu kikubwa, acha nafasi ya kutoka. Lini, anaenda wapi. Watu wote wanaandika kuingia, kutoka wanasahau, ndiyo ileile ya Uganda. Aliyekufa pia atoke kwenye kaye, Mungu amrehemu, lakini atoke. Ungekuwa na hiyo nafasi Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotapika tarehe 22 na siku tano baadaye Goma tukaambiwa tuondoke, mashua zilishusha watu Bukavu mchana na usiku, wakaingia kwa shangazi na kwa rafiki. Wengine walirudi baada ya wiki mbili, wengine wako kwenu mpaka leo. Wangapi? Ni ninyi mashefu mlioweza kusema, na hakuna aliyewauliza.

Kila miezi sita hesabu jumla, wangapi waliingia, wangapi walitoka, wametoka wapi. Karatasi moja. Peleka kartie, baki na kopi. Karatasi hiyo isiwe na jina hata moja.

Hapo ninakaza sauti kidogo. Usiandike kabila. Kitambulisho cha Rwanda kilikuwa na neno moja la kabila na mwaka 1994 lile neno liliua kwenye kila barieri. Katanga 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao, na anayefukuza anahitaji kujua nani anakaa wapi. Kwa hiyo mwanamke anayekuangalia vibaya unapomuuliza alizaliwa wapi, si mjinga, ana kumbukumbu. Mwambie kaye ni ya nini, mwonyeshe mstari wake aone mwenyewe. Hesabu inaweza kusafiri mpaka Kinshasa, majina yabaki kwenye sanduku la bibi yako. Mtu akija anataka majina, haombi hesabu, muulize ni ya nini, na kama unaweza kuchelewa, chelewa.

Ah, na kuhusu mvua, mfuko wa plastiki wa sukari, funga mara mbili. Kaye ya baba yangu imedumu hivyo.

*Mimi ni mwanafunzi Lubumbashi. Kaka iko Zambia, dada iko Afrika Kusini, jirani zetu bote ba Kampemba balitoka Kasai. Nani anajua hesabu yetu?*

Nusu yenu wanajulikana, ila si na sisi. Zambia ilihesabu 2022, Afrika Kusini pia 2022, na zote mbili ziliuliza mtu alizaliwa inchi gani, kwa hiyo kaka na dada kama walifungua mlango siku ile wako ndani. INS, ofisi yetu ya takwimu, wanaweza kuomba hizo meza (majedwali ya hesabu), ni kujitazama kwenye kioo cha jirani. Asiye na karatasi mara nyingi hafungui mlango, hilo kumbuka. Desemba 2018 kule Marrakech inchi nyingi zilikubaliana malengo 23 juu ya uhamiaji na la kwanza kabisa lilikuwa hili la takwimu, na tangu 2020 kuna ofisi ya Umoja wa Afrika Rabat kwa kazi hiyohiyo. Haya yote mazuri, lakini meza za Lusaka hazihitaji kupita Rabat kufika Kinshasa.

Majirani wa Kasai njo wagumu. Hawakuvuka mpaka, hakuna muhuri. Pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori yanahesabiwa vizuri sana, juu lori linalipa. Hata Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, iliandika wafanyakazi iliowaleta, wa Kasai, wa Rwanda-Urundi, na wake zao na watoto, kwa kuwa iliwalisha na ilitaka jasho lao. Anayekuja leo na treni kuchimba kwa mikono yake hana wa kumlisha wala wa kumuandika.

*Si watumie tu simu zetu? Kila mtu ana simu.*

Inafanyika. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, watafiti walifuata laini za simu bila majina wakaona watu wa Port-au-Prince wamekimbilia wapi, haraka kuliko mtu yeyote angetembea kuuliza. Kwa siku za hatari ni kitu kizuri mno. Ila kwetu mtu mmoja ana laini tatu, nyumba ingine ina simu moja ya baba, mtoto hana, bibi wa kijijini hana, na simu haisemi kwa nini umehama. Na kuna saa netiwoki yenyewe imekatwa. Iongezee kwenye kaye ya Papa shefu, usiiweke badala yake.

*Yaya unasemesha sana. Wewe mwenyewe ulikuja Goma mwaka gani na uliandikwa wapi?*

Haya, nimekamatwa. Nilitoka Butembo 2009, nikakaa Majengo, kisha Katindo, sasa Himbi. Nyumba tatu, mashefu watatu, hakuna hata mmoja niliyempelekea jina. Karti yangu ya elekta bado inasema Butembo. Shefu wa Himbi anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, namsalimia kila asubuhi.